Haki ya Kipepeo

Watu wa mwambao tuna majina manne ya nazi kabla haijawa nazi. Kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, ndipo inakuja nazi yenyewe, na muuzaji wa Darajani atakucheka ukimwonesha koroma ukaiita dafu. Samaki nao kila mmoja ana lake: changu, tasi, pono, kolekole, nguru, jodari. Lakini kila mdudu anayepepea mchana kwa mbawa nne za rangi ni kipepeo, basi. Anayezunguka taa usiku ni nondo. Hapo msamiati unakwisha, na mimi sioni kwamba ni aibu. Lugha hutoa jina kwa kitu kinachoingia chunguni, kinachouma, au kinachouzwa. Kipepeo hana hata moja katika hayo matatu, isipokuwa kijijini Pete, ambako siku hizi anauzwa, nitafika huko.

Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni juu ya vipepeo wa mchana katika viwanja vitupu vya mjini na mashamba ya maweni kutoka Mji Mkongwe hadi ukingo wa Jozani. Watu wakisikia hivyo huuliza kuna vipepeo wangapi. Ni swali zuri, lakini silo linalonikosesha usingizi. Linalonikosesha usingizi ni hili: je, ni haki kumuua kiumbe ili nijue jina lake?

Naomba msomaji asiharakishe kusema ndiyo, wala asiharakishe kusema hapana. Nimewasikia wa pande zote mbili wakijibu kwa sekunde tatu, na majibu yao yote mawili yananitia shaka kwa sababu ya hizo sekunde tatu.

Nianze na vipepeo wenyewe, maana maadili yasiyomjua mhusika huwa maneno matupu. Unguja, kama sehemu kubwa ya Afrika, ina kipepeo wa rangi ya chungwa anayeruka polepole kana kwamba hana adui duniani. Ncha za mbawa zake za mbele ni nyeusi, zimekatwa na mkanda wa madoa meupe. Wanasayansi humwita Danaus chrysippus, jina alilopewa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. Jike lake hutaga yai mojamoja juu ya mimea yenye utomvu mweupe, ile ambayo ukivunja jani lake mama anakupigia kelele usijiguse machoni. Kiwavi wake ana milia myeusi, myeupe na ya manjano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni kama vipapasio vilivyosahauliwa mahali pasipo pake. Anakula majani yale yenye sumu, na sumu anaiweka akiba mwilini. Akishakuwa kipepeo bado anayo. Ndege akimdonoa mara moja atatapika, na tangu hapo rangi ya chungwa anaiheshimu. Ndiyo maana kipepeo huyu hana haraka.

Kisha kuna wa pili. Hypolimnas misippus, naye jina alipewa na Linnaeus huyo huyo, mwaka 1764. Dume lake huwezi kulikosea: jeusi tii, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau unaowaka na kuzima kadiri ya mwanga. Hukaa juu ya jiwe au ardhi iliyo wazi na kumfukuza kila anayepita, hata kereng'ende. Jike lake ndilo lenye mambo. Halifanani na dume hata kidogo. Ni la rangi ya chungwa, ncha nyeusi, mkanda mweupe, mwendo wa polepole. Limemwiga yule mwenye sumu, na lenyewe halina sumu yoyote. Kiwavi wake ni mweusi mwenye miiba iliyotawika na pembe mbili kichwani, na mmea anaoupenda ni gugu la kutambaa lenye majani manono ambalo Waswahili tunaliita tako la hasani. (Angalia: gugu lina jina, tena jina la mzaha, kwa sababu watu hulipika mboga. Anayelila kabla yetu hana.)

Tofauti ya jike huyu na yule aliyemwiga ipo kwenye ubawa wa nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu madogo katikati ya ubawa ule, na dume lake lina la nne, ambalo ni kifuko cha harufu. Hypolimnas ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Basi. Madoa matatu au moja, kila moja dogo kuliko punje ya mtama, kwa mdudu ambaye hajui kwamba unahesabu. Akikunja mbawa inabidi utafute alama nyingine. Akiruka, bahati yako. Husaidia kidogo ukimshtua: mwenye sumu huendelea na mwendo wake ule ule wa bwana mkubwa, na mwigaji mara nyingi husahau maigizo na kutimua mbio.

Henry Walter Bates, Mwingereza aliyeishi miaka 11 katika misitu ya Amazon, alieleza uigaji wa namna hii mwaka 1862, na tangu hapo wasomaji wa falsafa wamekuwa wakiuliza kama jike huyu ni mwongo. Mimi swali hilo nalipa aya moja tu. Mwongo ni yule anayejua ukweli na kuuficha. Kipepeo hajajiona kwenye kioo. Kilicho na maana kwangu ni hesabu iliyo nyuma yake. Uigaji unafaa maadamu wenye sumu ya kweli ni wengi. Waigaji wakizidi, ndege atawadonoa wengi watamu, na rangi ya chungwa itapoteza heshima yake kwa wote, hata kwa mwenye sumu. Mtu yeyote aliyewahi kuwa muongoza watalii halali Forodhani anaijua hesabu hii. Papasi mmoja mwenye kitambulisho cha kuchapisha mwenyewe anaishi kwa imani ambayo waongozaji mia wa kweli wameijenga. Papasi mia, na hakuna mgeni atakayemwamini yeyote.

Turudi kwenye kuua. Msimamizi wangu ananitaka kwa kila spishi nitakayoitaja katika tasnifu niweke kielelezo, yaani mwili. Kinachotakiwa si kigumu. Unamnasa kwa wavu, unambana kifua kwa vidole viwili, au unamtia katika bahasha ya karatasi na kumweka kwenye friza. Baadaye unamtandaza mbawa juu ya ubao, unampitisha pini, na chini yake unaweka lebo: mahali, tarehe, mmea aliokuwa juu yake, jina la aliyemkamata. Msimamizi huwa anasema kwamba picha ni shahidi aliyesimuliwa, mwili ni shahidi aliyekuwepo.

Mwenzangu mmoja darasani amekataa. Yeye anapiga picha tu. Nilipomwambia kwamba robo ya picha zake za vipepeo wa chungwa hazioneshi ubawa wa nyuma, alinijibu, "Basi nitaandika kwamba sikuwatambua." Katika jedwali lake kuna safu nzima imeandikwa "chungwa, hajulikani". Nilicheka siku ile, lakini nikabaki na maneno yake. Kuna uaminifu katika safu ile ambao tasnifu nyingi hazina. Anachosema ni kwamba kutojua ni bei anayokubali kuilipa yeye, badala ya kumlipisha mdudu.

Jibu la kawaida la upande wangu ni la idadi. Jike mmoja wa kipepeo hutaga mayai mengi, na wengi mno kati ya viwavi wake huliwa na ndege, nyigu na mijusi kabla ya kuota mbawa. Kipepeo mzima mwenyewe huishi wiki chache. Gari moja ya Makunduchi, ikipita njia ya Jozani asubuhi ya baada ya mvua, inaua kwa kioo chake vipepeo wengi kuliko nitakaowaua mimi kwa mwezi. Mwenye hoteli akisafisha ekari moja ya kichaka cha maweni, anaondoa mayai, viwavi, mimea na kesho yao yote, wala hakuna kamati ya maadili inayomuuliza. Mimi nachukua watano. Nani atahisi?

Hoja hii ni ya kweli, na haitoshi. Ni hoja ile ile ya mkata kuni wa maweni: kifurushi changu kimoja, msitu hautahisi. Ni hoja ya mwenye nyavu za macho madogo. Kila mmoja anasema kweli juu ya sehemu yake, na jumla ya kweli zao ni kichaka kitupu na bahari isiyo na tasi. Nikiikubali kwangu, sina uso wa kuikataa kwa wengine.

Na si jambo la kufikirika. Marekani kuna kundi la vipepeo wadogo ambao mbawa zao zimepangwa vipande vyeusi, vyekundu na vya manjano hafifu, mfano wa ubao wa drafti unaochezewa barazani, na kwa Kiingereza jina lao linatokana na ubao huo huo. Mmoja wao, Euphydryas editha, aliishi katika hifadhi ya Jasper Ridge ya Chuo Kikuu cha Stanford, California, na kuanzia mwaka 1960 Paul Ehrlich na wanafunzi wake walimfuatilia mwaka baada ya mwaka, wakimkamata, wakimwekea alama, wakimhesabu. Ni wachache duniani kati ya wadudu waliowahi kujulikana vile. Tunajua viwavi wake walikula nini, kwamba walikuwa wakikimbizana na jua, kwani mmea wao ukikauka kabla hawajakua wanakufa njaa, na kwamba mvua ikibadilisha ratiba, kizazi kizima kinayumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alitoweka katika hifadhi ile. Makazi yake yalikuwa yamebaki vipande vidogo na mvua zilikuwa zimeanza kwenda vingine. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1991, watafiti wenyewe, Ehrlich akiwa mmoja wao, walichapisha makala ya kupiga hesabu kama ukusanyaji wao kwa ajili ya sayansi ungeweza kuwa umechangia kuwapunguza. Huwa naifikiria makala hiyo kuliko nyingine zote nilizosoma kwa ajili ya tasnifu. Sayansi ikijiuliza swali hilo mbele za watu, na kwa tarakimu, inakuwa imefanya jambo ambalo mwenye hoteli hajawahi kulifanya.

Kwa hiyo idadi hainipi ruhusa. Inaniambia tu kwamba nisichukue wengi. Ruhusa, kama ipo, lazima itoke kwingine.

Mtu aliyenisogeza karibu na hiyo ruhusa ni bi mkubwa mmoja mwenye shamba dogo upande wa Kitogani. Nilikuwa nimeinama kwenye tuta lake la mihogo, ambako tako la hasani lilikuwa limetapakaa, na yeye akaja na jembe begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Watafuta nini?"

"Vipepeo, bibi."

"Umepotelewa nao?"

Nikamweleza. Nikamwonesha katika simu picha ya madoa matatu na picha ya doa moja. Alizitazama kwa makini, akiisogeza simu mbali na macho.

"Na wao wenyewe wanajuana?"

"Wanajuana, bibi. Kwa harufu."

"Basi waulize wao." Kisha, akiona wavu: "Na huyo ukishamuua, wamla?"

Nikasema hapana. Hakusema kitu, ila alinitazama kwa namna ambayo kila mtoto aliyekwenda chuoni, kwenye Kurani, anaijua. Maana sote tumefundishwa habari ya shomoro. Katika mapokeo yetu anayemuua shomoro bila ya haki yake ataulizwa. Na hiyo haki yake ikafafanuliwa kuwa ni kumchinja ukamla, si kumkata kichwa ukamtupa. Katika skuli tunaichukulia kama hadithi ya kuwakanya watoto wenye manati. Pale shambani ilinijia kama hoja, tena hoja iliyokamilika kuliko nyingi nilizofundishwa kwenye kozi ya maadili ya utafiti. Haikatazi kuua. Haihesabu idadi. Inauliza kiumbe huyu ana haki gani kwako baada ya kumtoa uhai, na inataja jibu ambalo linakulazimu kazi: umtumie mpaka mwisho.

Sasa kipepeo haliwi. Haki yake ni ipi? Nadhani ni kusomwa. Mwili uliotandazwa vizuri, wenye lebo sahihi, katika sanduku lisilopitisha hewa, unasomwa leo na mimi, kesho na mwanafunzi mwingine, na baada ya miaka 80 na mtu atakayetaka kujua kama kipepeo huyu alikuwepo Kitogani kabla ya barabara pana. Kila anayefungua droo anamla, tuseme hivyo, na haishi. Lakini kipepeo asiye na lebo, au aliyeachwa kwenye boksi la viatu hadi unyevu wa masika ukamtia ukungu na sisimizi wakamaliza kifua, huyo ni shomoro aliyekatwa kichwa akatupwa. Na hapa Unguja, kwa joto na unyevu tulionao, kati ya haki na dhuluma kuna kitu cha kawaida kabisa: mfuniko unaobana, dawa ya kufukuza wadudu, mtu wa kukagua kila baada ya miezi michache. Maadili yangu yote yanategemea mfuniko. Nimeshaona kwamba wanafalsafa hawapendi sentensi za namna hii.

Kuna sharti jingine, nalo lina historia. Kusomwa na nani? Kima punju alipewa jina lake la kisayansi London mwaka 1868, jina la John Kirk, daktari aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza hapa. Chui wa Unguja akapewa lake mwaka 1932, huko huko, jina la Aders, mtaalamu wa wanyama wa serikali ya kikoloni. Ngozi na mafuvu yalipanda meli. Sisi tulibakiwa na chui mmoja aliyekaushwa katika makumbusho ya Mnazi Mmoja, ambaye vizazi vya watoto wa skuli wamepelekwa kumtazama, macho yake ya bandia na rangi iliyofifia kwa jua. Wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka porini. Wengine bado wanasimulia nyayo. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa. Sasa namwona ni ushahidi wa pande mbili: bila ya yeye, kizazi changu kingedhani chui wa Unguja ni ngano za bibi zetu, kama za majini, na pamoja na yeye, hatukumwokoa hata mmoja. Kielelezo hakiokoi. Kinachofanya ni kuziba mlango wa kukanusha.

Mwenzangu alinipinga hapo kwa hoja iliyonitikisa. Alisema: unamuua kwa ajili ya jina, na majina yenyewe hayakai. Ni kweli. Huyu Danaus chrysippus wetu ana sura kadhaa katika Afrika: mwenye ncha nyeusi na mkanda mweupe, asiye na ncha nyeusi kabisa, mwenye ubawa wa nyuma mweupe. Zamani baadhi ya sura hizo zilihesabiwa kuwa spishi zake zenyewe, zikiwa na majina yake. Afrika Mashariki ndipo zinapokutana na kuzaana zikachanganyika, kiasi cha kwamba majina yale yanamponyoka mtu mkononi. Na jike wa Hypolimnas, kwa ukaidi wake, ana sura za kuiga karibu kila moja. Sasa kama jina la leo litafutwa kesho, damu ile ilikuwa ya nini?

Nilikaa na swali lile siku mbili, na nadhani linageuka likaangukia upande wangu. Picha inajibu swali nililokuwa nalo nilipoipiga. Ikiwa nilitaka madoa, nina madoa. Mwili unajibu maswali ambayo bado hayajaulizwa. Mfano ni huu: kwa miaka mingi watu waliona kwamba katika maeneo fulani ya Kenya na Uganda majike ya Danaus huyu huzaa majike matupu. Hakuna picha ambayo ingeeleza hilo. Ilikuja kugundulika, kwa kuchunguza vinasaba vya miili, kwamba ndani yao kuna bakteria wa jamii ya Spiroplasma, anayerithiwa kutoka kwa mama, na anayewaua viwavi wa kiume wakiwa bado kwenye yai. Aliyebandika pini wa kwanza hakuwa amesikia neno kinasaba. Kwa hiyo majina kubadilika si sababu ya kuacha mwili. Ni sababu ya kuuhitaji. Jina ni la kwetu, tutalibadilisha tukitaka. Mwili ni wake.

Lakini yapo mambo ambayo wala mwili haukuyasema. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, aliandika kwamba kipepeo mmoja mkubwa wa Afrika, Papilio dardanus, ambaye dume lake ni la manjano hafifu lenye mikia, ndiye mume wa majike kadhaa yasiyo na mikia, yasiyofanana naye wala hayafanani yenyewe kwa yenyewe, kila moja likiiga kipepeo mwingine mwenye sumu. Alikuwa na pini nyingi na hoja nzuri. William Hewitson, mtu mwenye mojawapo ya makusanyo makubwa ya vipepeo Uingereza, alimdhihaki. Miili ilikuwa ile ile kwa wote wawili, na mmoja hakuona kitu. Kilichokata maneno ni malezi. Viwavi waliookotwa kwenye mti, wakalishwa majani, wakasubiriwa, walitoka wengine madume ya manjano na wengine majike ya sura hizo zote.

Hili ndilo linalofanyika Pete, mwendo mfupi kutoka lango la Jozani. Kuna kituo cha vipepeo pale, na wanakijiji huokota viwavi, huwalea kwenye vibanda vya wavu, na kuuza pupa. (Pupa ni neno la kitaalamu, na ni bahati mbaya iliyoje kwamba kwetu maana yake ni haraka ya mlafi, ilhali mdudu katika hali hiyo hali kitu wala haendi popote.) Kenya walitangulia: mradi wa Kipepeo, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Gede, ulianza mwaka 1993 kwa wazo kwamba mkulima anayepata fedha kwa kiwavi atauacha msitu anakoishi kiwavi. Muulize mlezi wa Pete tofauti ya vipepeo wawili wa chungwa, na hatakuhesabia madoa. Atakuambia huyu anakula hiki na yule anakula kile. Wakiwa na mbawa wanadanganya macho. Wakiwa viwavi hawawezi, mmoja laini mwenye milia na mwingine mweusi wa miiba, kila mmoja kwenye mmea wake. Ukitaka kumjua kipepeo bila ya kumuua, uliza utoto wake.

Ningependa insha ingeishia pale, maana ingenitoa hatiani. Haiwezi. Kipepeo niliyemkuta tayari hewani katika kiwanja cha Mikunguni hawezi kunisimulia utoto wake, na tasnifu inawahusu hao walio hewani. Kulea kila mmoja wa kila spishi kunataka miaka, na ufadhili wangu una miezi. Basi nimejiwekea kanuni, ambayo si ya mtu mwingine. Nalea pale ninapomwona kiwavi. Napiga picha pale ubawa unapoonekana. Nikishindwa kote kuwili naandika "hajulikani", kama mwenzangu, na sioni haya. Mwili nauchukua pale tu ambapo spishi haina kielelezo kisiwani ninachoweza kukifikia, nachukua dume na jike, na kabla ya kubana kifua lazima niwe na nafasi kwenye sanduku lenye mfuniko. Mara mbili nafasi haikuwepo, nikawaachia.

Sanduku sasa lina vipepeo 14. Katika sehemu ya mmea nimeandika jina la kisayansi na chini yake la Kiswahili, kwa hiyo kuna lebo mbili zenye maneno "tako la hasani", na atakayezifungua baada ya miaka 80 asidhani ni utani.

Mwenzangu bado anaona nimejitengenezea fatwa. Wiki iliyopita alikuja na chupa kubwa ya kioo: kiwavi mweusi wa miiba aliyemwokota nyuma ya nyumba yao Ng'ambo, na tako la hasani la kutosha. Ameshajining'iniza kwenye mfuniko akawa pupa. Yeye anasema akitoka atamwachia hapo hapo dirishani. Mimi nimemwambia kwamba katika lile sanduku sina jike wa Hypolimnas aliyelelewa, mwenye tarehe ya kuzaliwa. Hakunijibu. Aliichukua chupa akaiweka upande wake wa meza.